Taa, Len

Bi Olwen aliponiuzia Morris yake ya kijani
aliweka ufunguo mezani, akauchukua tena,
akaushika kidogo, ndipo akasema:
"Ina aibu moja. Indiketa hairudi.
Ukishakata kona, uizime mwenyewe.
Len miaka yote alisahau.
Mimi ndiye niliyekuwa namkumbusha."

Nikatoka Earlsdon nikipepesa kushoto,
nikapita kanisa, duka la samaki, shule,
bado napepesa kushoto.
Ahadi ni deni, na asubuhi ile
niliikopa nusu ya Coventry:
basi lilinisubiri nikunje,
mama mwenye kigari cha mtoto alinisubiri,
kijana wa baiskeli alinisubiri mpaka akachoka,
akaninyooshea vidole viwili
ambavyo hapa si salamu.

Jumamosi nikaifungia gerejini.
Februari; spana zinauma kama barafu,
chai inapoa kabla hujaikoroga.
Nilikuwa nimejiandaa kwa ugonjwa ninaoujua:
kijino kilicholika, springi iliyochoka.
Nilikuwa na gundi ya mirija miwili,
springi ya kalamu ya wino,
na tupa ya kucha ya mke wangu, Zamzam,
ambayo yeye hajui iko wapi hadi leo.

Nikanyoosha magurudumu mpaka yakatazama ukuta.
Nikafungua kifuniko cha shingo ya usukani:
skrubu mbili kwa hiari, ya tatu kwa matusi ya Kitanga.
Pete ilikuwa imehama kidogo, imesahau katikati.
Nikailegeza, nikaizungusha taratibu
hadi nundu yake ikaelekea swichi,
nikaikaza.
Kisha nikamulika tochi nikitafuta kile kijino,
kitu kidogo kama punje ya mtama,
chenye kazi moja tu duniani:
usukani unaporudi, kiguswe,
kiseme, basi, tumeshapita.

Kilikuwa kizima.
Kizima kabisa, makali yake kama ya jana.
Nyuma yake, kimechomekwa sawasawa,
kijiti cha kiberiti.

Hakikuanguka pale chenyewe.
Kilikuwa kimekatwa kwa kisu, kimechongwa ncha,
kimepakwa grisi ili kisilie.
Kazi ya mtu aliyefunga swichi hizi kiwandani
miaka kumi na tisa, zamu ya usiku,
ambaye mkewe alidhani anasahau.

Nilikaa pale na kijiti kiganjani.
Chai ikawa maji.

Jumanne nikampigia hodi Bi Olwen,
nikamwambia, twende Kenilworth, ukaione ilivyopona.
Alivaa kofia. Alikaa kiti cha abiria
kama anayekaa kitandani kwake.
Hakusema kitu mpaka kipilefti cha kwanza.
Nikapiga kushoto; ule mkono wenye ncha ya kijani
ukaanza kuwaka na kuzima, tika, tika.
Nikakata kona.
Usukani ukarudi, na ndani ya shingo yake
kitu kikasema *tak*,
ile sauti niliyoisaka kwa baridi na matusi,
na kijani kikazimika chenyewe.

"Taa, Len," alisema Bi Olwen
wakati uleule, akitazama nje ya dirisha,
akitazama kondoo.

Halafu akanyamaza.
Aliyasikia maneno yake, nadhani,
yakikosa mahali pa kutua.

Kijiti kilikuwa kwenye kibweta cha majivu,
sentimita chache tu kutoka goti lake.
Nilifungua mdomo nimwambie. Nikaufunga.
Siri ya watu wawili haina kiti cha tatu.

Nikanyoosha kidole,
nikaugusa mkono wa indiketa uliokwisha kurudi,
nikausukuma pale pale ulipokuwa.
"Asante," nikasema. "Nilisahau."

Tukapita kasri, tukapata keki kavu, tukageuza.
Njiani kurudi alinikumbusha mara nne.